Ndimu ya Jumamosi

Juni 8

Mvua ya kwanza. Imeingia bila hodi, mimi nina mikate ya bhakri kikaangoni na nguo kambani. Nguo zimelowa, bhakri zimeungua, na mama mkwe kakaa kizingitini anaisifu harufu ya udongo kana kwamba Mungu hakumpa mikono.

Daftari hili kaniletea mwanangu Tushar. Kampuni ya Waholanzi iliyomwajiri imewagawia wafanyakazi wake wote. Juu ya jalada kuna picha ya mji wa maghorofa ya vioo na mto wa buluu, na katika picha nzima hakuna mtu wala kunguru. Tushar anasema ndivyo mji wetu utakavyokuwa. Nikamuuliza, "Na mimi niko wapi hapo?" Akasema, "Uko ndani, Mama, unapika." Mjinga yule. Nilicheka, lakini jibu lenyewe sikulipenda.

Juni 10, Jumamosi

Leo wamefunga Jicho, na mwanangu ndiye aliyelifunga.

Mtaa wetu wa Khalchi Ali uko bondeni, na nyuma ya nyumba zetu unapita mfereji mkubwa unaoteremka mtoni. Juu ya mfereji kuna daraja la chuma la waenda kwa miguu. Chini ya daraja hilo Tushar amening'iniza kidude cheusi kinachotazama maji usiku na mchana. Maji yakipanda, king'ora kilicho juu ya nguzo kinalia, na habari inafika ofisini papo hapo. Mpaka saa sita mchana mtaa mzima ulikuwa umeshakiita Jicho.

Mhandisi Barve, mkubwa wa mradi pale baraza la jiji, alikuja na viatu vyeupe. Alivunja nazi kwenye nguzo, akaipaka nguzo unga mwekundu, halafu akahutubia. "Akina mama, huu ndio mwanzo wa Jiji Mahiri. Wageni wamevuka bahari kuja kufanya biashara nasi. Tusiwatie aibu."

Raziya, jirani yangu mshonaji, akaninong'oneza, "Mahiri wapi! Jiji Janja hilo. Na mjanja hali bila mjinga, shoga, kwa hiyo tutazamane hapa mjinga nani."

Mama mkwe alilia Tushar alipokuwa ananing'inia kwa kamba chini ya daraja. Tuliporudi nyumbani akaanza. "Macho yote yale kwa mtoto mmoja! Kazi yake ya kwanza. Wale wa mtaa wa juu nimewaona walivyomtazama, wamemla mzimamzima." Nikamwambia Mama, usituletee mambo yako. Akanyamaza. Mama mkwe akinyamaza ujue ameshakata shauri.

Juni 13

Mvua. Mikebe ya chakula cha mchana imetoka kwa wakati. Kila siku ninapikia ofisi ya Waholanzi, na sasa bosi mmoja wa Kiholanzi hataki tena kungoja mkebe wake, anakuja kula jikoni kwangu, kwenye mkeka, magoti yakimfika masikioni. Jina lake Wouter. Mama mkwe anamwita Votar Saheb, maana kwetu mpiga kura ndiye votar, na anamuuliza kila siku kama ameshapiga. Yule anaitikia "ndiyo, Bibi" na kula.

Leo nimemuuliza Jicho linaonaje gizani. Akashika kijiko, akakishusha taratibu kuelekea bakuli la pithla, ule uji mzito wa unga wa dengu. "Jicho kuita," akasema. "Maji kujibu. Jibu kuja haraka, maji karibu. Jibu kuchelewa, maji mbali." Nikaelewa. Ni kama kupiga kelele kisimani. Kumbe Jicho halioni, linasikia. Nimempenda kwa kunieleza kama mtu mwenye akili. Barve hata salamu hanijibu.

Juni 17, Jumamosi

Wouter kakanyaga ndimu! Ilikuwa pale njia panda, na Raziya akapiga yowe mtaa ukatoka nje. Masikini, alidhani kakanyaga nyoka. Nikamweleza: kila Jumamosi tunafunga ndimu na pilipili mbichi saba mlangoni, kwenye mkokoteni, kwenye bajaji, popote riziki ilipo, ili jicho la hasidi lishukie hapo lisimshukie mtu. Ile ya zamani tunaitupa njia panda na uchafu wote iliouvuta. Anayeikanyaga anaubeba kwenda nao kwake.

Akacheka. "Kwetu mbali sana," akasema. "Itachoka njiani."

Juni 24, Jumamosi

King'ora kimelia kwa mara ya kwanza. Ilikuwa alasiri, mvua ya rasharasha tu. Tulitoka mbio na masufuria vichwani, Raziya na cherehani mgongoni, mimi namburura mama mkwe naye anaburuta miguu anasema hakuna kitu, hakuna kitu. Tukafika darajani, tukachungulia. Maji hata mbuzi asingelowa tumbo.

Kikanyamaza. Kikalia tena. Kikanyamaza.

Juni 25

Kinalia.

Juni 27

Kinanyamaza upepo ukivuma, kinalia upepo ukitulia. Tushar anasema mvua kubwa imenyesha milimani na Jicho linajua yasiyojulikana. Hakushuka kutazama. Wamempandisha cheo, sasa anakaa chumba cha skrini kwenye jengo jipya, kwenye kiyoyozi, na anaona mji wote bila kuchafua kiatu. Nimejivuna, sikatai. Baba yake alikufa na matope ya mji huu kwenye kucha.

Julai 1, Jumamosi

Kimelia tangu asubuhi.

Julai 8, Jumamosi

Tena. Raziya anasema Jicho ni kama mume wake wa kwanza, katikati ya wiki lina adabu, Jumamosi likishalewa linaamsha majirani.

Julai 15

Hakuna anayetoka tena. Raziya anapimia wali wake kwa king'ora. Mimi nimeshatia pamba masikioni.

Julai 22, Jumamosi

Wageni. Magari meusi matano yamejipanga barabara ya juu, na wazungu, Wajapani na matajiri wa Mumbai wameteremka na mabuti mapya ya mpira. Barve mbele na mwavuli. Niliitwa niwapelekee chai, nikawapelekea. Walisimama uani kwa Raziya, na nikaona jambo lililonikera sana: hawakututazama hata kidogo. Walitazama juu ya vichwa vyetu, kule mtoni, wakaonyeshana kwa vidole hapa na pale, kama watu wanaochagua mahali pa kuweka kabati.

Mmoja aliuliza jambo akinielekezea kidevu. Barve akajibu kwa Kiingereza, nami neno moja nililidaka maana Tushar hulisema sana siku hizi. Hatari. Wakati uleule king'ora kikaanza kulia. Wageni wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa huruma. Barve hakusema kitu. Hakuwa na haja.

Jioni Tushar amenionyesha ramani kwenye simu yake. Mji wote ni kijani. Khalchi Ali peke yake ni nyekundu pyu. "Nyekundu ni nini?" nikamuuliza. Akasema, "Ni mahali ambapo maji yanapanda sana, Mama." Nikamwambia, "Wewe umezaliwa hapa. Umeyaona lini?" Akasema namba hazidanganyi. Nilitamani kumtandika mwiko.

Agosti 5, Jumamosi

Amri imetoka. Barve amekuja na polisi wawili na kipaza sauti. Khalchi Ali ni eneo la hatari, haturuhusiwi kuishi hapa. Tutahamishiwa maghorofa ya Waghdara, ng'ambo ya machimbo ya mawe, ambako hata mbwa huenda kwa kupotea. Hapa patajengwa ukingo wa mto wenye hoteli na ofisi za wageni. Kutakuwa na baraza la kusikiliza malalamiko mwezi ujao. Jicho likithibitika lilisema kweli, tunaondoka.

Mimi napika kwa sababu ofisi ziko juu yetu na chakula kinafika cha moto. Nani atanunua bhakri kutoka Waghdara, zifike zimekuwa vigae? Sakafu hii marehemu mume wangu Dattu aliisakafia kwa mikono yake. Tushar kazaliwa hapo penye mtungi. Nimewaza hayo huku nakata vitunguu, na kwa mara ya kwanza nimeshukuru kuwa na vitunguu vya kukata.

Mama mkwe hakulia. Kaniuliza tu, "Kwani Tushar kazi yake iko salama?" Nikamjibu vibaya. Nimemwambia nyumba inakwenda na wewe unauliza kazi! Akageukia ukutani.

Agosti 6

Sijamsemesha mama mkwe. Yeye pia hajanisemesha.

Agosti 25

Mungu Ganesha ameingia nyumbani, mdogo, wa udongo. Nimemwomba jambo moja tu.

Septemba 2, Jumamosi

Kimelia mpaka jioni. Mama mkwe kalowa, sijui alikuwa wapi, na usiku kakohoa.

Septemba 9, Jumamosi

Leo nitaandika yote.

Mama mkwe ana homa, leo siku ya nne. Ni siku za kuwalisha marehemu, kwa hiyo nilikuwa napika wali wa kunguru, wanaokula kwa niaba yao, sehemu ya Dattu na ya baba yake. Akaniita. Sauti haitoki. "Vatsala," akasema, na yeye huniita we mwanamke. "Leo Jumamosi. Nenda ukanifungie ndimu."

Nikamwambia ya mlangoni nimeshafunga.

"Siyo ya mlangoni. Ya mashine ya mtoto."

Nikaweka chini upawa. Nikamuuliza mashine ipi.

"Nafunga kila Jumamosi, tangu mwishoni mwa Juni. Pale darajani, kwenye ule upenyo wa chuma. Unashusha uzi taratibu mpaka inaning'inia mbele yake, palepale machoni. Nilijua utanicheka, ndiyo maana sikukwambia. Lakini tazama, kapanda cheo. Kazi haijapata doa. Usikatishe sasa, watamla."

Nilichukua ndimu na pilipili, nikaenda. Sikumbuki kama nilivaa ndara. Nikapiga magoti darajani, nikachungulia kwenye upenyo. Uzi mweusi ulikuwa umeshuka vizuri, umefungwa kwa fundo la mtu aliyefunga ndimu maisha yake yote. Mwisho wake, mbele kabisa ya uso wa Jicho, ndimu ya wiki iliyopita ilikuwa inazunguka na pilipili zake zimesinyaa. Upepo ukiisogeza inaondoka. Upepo ukiiachia inarudi.

Jicho kuita, maji kujibu. Mungu wangu! Si maji yaliyokuwa yanajibu. Ilikuwa ndimu. Msimu mzima Jicho limeita, na ndimu ya mama mkwe imejibu kutoka karibu ya pua yake, nalo likaamini maji yamefika darajani. Na wao huko juu wakatupaka rangi nyekundu.

Kwanza nilipandwa na hasira, nikasema leo narudi, namvuta mzee huyu kitandani na homa yake, namleta aone. Mimi ndiye niliyemvumilia tangu nikiwa bibi harusi, maneno yake, chumvi yake, mguno wake, halafu nyumba yangu iondoke kwa sababu ya ndimu! Nilikata uzi, nikaitwaa ile iliyosinyaa. Ile ndimu mbichi niliyokuja nayo nikaitia kwenye pindo la sari.

Nikarudi. Alikuwa amefumbua macho ananingoja. "Umefunga?"

Nikasema, "Nimefunga, Mama."

"Umeshusha vizuri?"

"Vizuri."

Akalala. Namtazama sasa hivi ninapoandika, mdomo wazi, hana jino la juu hata moja. Hasira nimeitafuta, siioni.

Septemba 10

Kimya.

Septemba 11

Kimya. Raziya kaunguza wali.

Septemba 13

Mvua ya kuua tembo. Mfereji umepanda mpaka tofali la tano la ukuta wa Raziya, kama kila mwaka, halafu ukashuka, kama kila mwaka. King'ora hakikutoa hata mguno. Sasa nina hakika.

Septemba 16, Jumamosi

Nimemwambia Tushar. Nilimwita uani, mbali na kitanda, nikamweleza yote na kumwonyesha uzi. Alikaa chini kwenye matope na suruali yake ya ofisi.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Mama, mimi ndiye niliyelifunga. Ukaguzi wa kila mwezi ni wangu. Nilikuwa naandika nimekagua."

"Na ulikuwa umekagua?"

Aliokota kijiti akakivunja vipande. Nikamwambia kosa la kazi linasameheka, lakini nyumba ikibomolewa haisamehewi wala hairudi. Akasema sawa, atamwambia Wouter. Nilimshika kichwa kama alipokuwa mdogo, akaniachia. Mama mkwe alikuwa dirishani. Homa imemtoka, na masikio yake hayakuwahi kuugua.

Septemba 18

Wouter ameshuka mwenyewe. Aliingia kwenye mfereji mpaka kiunoni, akatazama Jicho, akatazama upenyo. Nikampa ile ndimu iliyosinyaa, akaiweka kiganjani. Sikuwahi kumwona mtu mzima kabadilika rangi vile.

"Samahani," akasema. "Samahani sana, Mama. Mimi kusema ofisini. Mimi kusema kweli."

Nilimwamini. Nimepika puran poli, mikate mitamu ya sikukuu, na siku yenyewe siyo ya sikukuu.

Septemba 19

Barve ameniita ofisini kwake, ghorofa ya sita. Huko nyuma hata salamu yangu hakuitikia, leo kanivutia kiti.

"Mama Tushar, karibu. Chai?"

"Chai napika mwenyewe, bwana mkubwa. Nimekuja kwa habari ya ndimu."

Alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Kisha akainuka akafunga mlango, na aliporudi kwenye kiti hakuwa anacheka.

"Umemwambia nani?"

"Nimewaambia wanaohusika."

"Sikiliza, mama. Wiki ijayo wanakuja watu wa hoteli na watu wa benki. Unataka niwaambie nini? Kwamba mtambo uliovuka bahari umepofushwa na ndimu ya kikongwe? Watatucheka kule kwao mpaka wajukuu wao watucheke. Watasema hawa ndio wanaotaka kujiita mahiri. Wale Waholanzi wana miji mingine inasubiri kununua mtambo huohuo, unadhani wao wanaitaka hadithi hiyo?"

"Kwa hiyo sisi tubomolewe ili wewe usichekwe?"

"Mnapewa nyumba. Ghorofa ya kumi na nne, na lifti."

"Jicho lilikosea."

"Jicho halikosei. Ramani imeshapita." Akanisogezea bakuli la biskuti. "Na aliyelifunga ni mwanao. Aliyeandika limekaguliwa ni mwanao. Ukiwa njiani, lifikirie hilo."

Nilishuka kwa ngazi. Mlangoni pa jengo lile jipya, juu ya vioo, nimeona ndimu na pilipili saba. Mbichi kabisa. Nilisimama nikaitazama, na mlinzi akaniambia, "Mama, unazuia njia."

Septemba 22

Wouter kaja kuaga. Anahamishiwa mji mwingine kusini kufunga macho mengine. Gari lilimngoja limewashwa.

"Nimesema," akaniambia. "Wao kujibu: baadaye."

Kwetu baadaye ni hapana, na nilivyomwona usoni yeye pia ameshajifunza. Nikamuuliza mbona hasemi hadharani, barazani, mbele ya watu. Akatazama viatu vyake. Ana watoto wawili, alisema. Nimemfungia bhakri za njiani. Mkono ulifunga wenyewe, moyo haukutaka.

Septemba 25

Baraza la malalamiko. Nilitaka kuandika nikiwa nimetulia, lakini sijatulia.

Ukumbi ulijaa, sisi nyuma, watu wa mtaa wa juu katikati, na mbele wageni na vifaa vya kutafsiria masikioni. Barve alionyesha ramani, ile nyekundu. Nikanyoosha mkono nikasema, "Jicho lilifunikwa. Muulizeni fundi." Nilisema fundi, sikusema mwanangu, ili isiwe ni mama anayeomba.

Barve akatabasamu, kama aliyekuwa anangoja hilo hilo. "Fundi Shelar, simama. Mtambo wa Khalchi Ali uliukagua?"

Tushar akasimama. Alikuwa amenyolewa vizuri, shati nililipiga pasi mimi. "Niliukagua."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Uliukuta na kasoro yoyote?"

Akanitazama. Sisi tulikuwa nyuma na taa zilikuwa mbele, lakini alinitazama palepale nilipo, kama mtu anayejua njia ya kwao gizani. Kisha akasema, "Hauna kasoro."

Raziya alinishika mkono, akaubana mpaka ukauma. Moyoni nilikuwa naona aibu yake kuliko nilivyokuwa naona msiba wangu.

Mama mkwe ndiye aliyesimama. Alipanda juu ya kiti, sijui kwa nguvu gani, akashika bega la mtu. "Mwongo!" akapiga kelele. "Mjukuu wangu mwongo, naye anasema uongo kwa ajili yangu! Ni mimi! Mimi ndiye niliyefunga! Ndimu moja, pilipili saba, kila Jumamosi, mbele ya jicho la mashine yenu! Mlikuwa mnaona ndimu yangu, wajinga nyie, siyo maji!"

Mtu akacheka, mtu wa mtaa wa juu. Wengine wakafuata. Mmoja akasema kwa sauti, "Bibi, tufungie na sisi, tupate ghorofa!" Kikawa kicheko cha watu kushika mbavu. Wageni wakagusa vifaa vyao masikioni, wakamwinamia mkalimani, na mkalimani sijui aliwaambia nini, nao wakatabasamu kwa heshima, kama unavyomtabasamia mzee wa mwenzio.

Barve hakucheka. Alisema kwa upole, "Mpeni bibi maji. Umri huo, jamani."

Nimempandisha bajaji, kanishika kidole kama mtoto. "Nimesema kweli, Vatsala," akasema. "Nimesema kweli yote. Mbona wanacheka?"

Nimemlaza, nimempaka mafuta miguuni, na tumelia pamoja mimi na mama mkwe, jambo ambalo hatukulifanya hata siku tuliyomchoma Dattu.

Tushar hakurudi nyumbani.

Septemba 30, sikukuu ya Dasara

Kaja Tushar na majani ya apta, yale tunayopeana leo na kuyaita dhahabu. Kamgusa bibi yake miguu. Mama mkwe akayapokea, akambariki, akamuuliza kama amekula. Aliponigeukia mimi, nilikuwa nimeshika sahani kwa mikono yote miwili, na sikuiweka chini.

Barabara ya juu wamezipanga mashine za kubomolea, wamezivisha mashada ya manjano na kuzipaka unga mwekundu. Siku ya leo kila mtu huabudu vyombo vya kazi yake. Mimi nimeuwekea ua mwiko wangu.

Oktoba 3

Tunafunga mizigo.

Oktoba 7, Jumamosi

Mvua imekwisha. Mbingu nyeupe, matope yamekauka yakapasuka. Wamekuja saa mbili asubuhi. Nyumba ya Raziya ilianza, maana ndiyo ya kwanza. Alisimama kaikumbatia cherehani yake. Jicho lilikuwa kimya chini ya daraja. Maji hayapo, la kusikia halina.

Mashine ilipofika kwetu, mama mkwe akatoka akaenda mbele yake. Nilidhani anakwenda kuilaani. Nadhani na polisi walidhani hivyo, maana mmoja alimfuata. Lakini yeye alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye koleo la chuma, akainua mkono, akashika kitu kilichoning'inia pale kwa uzi mweusi katikati ya maua yaliyokauka ya Dasara. Ndimu, na pilipili saba, za leo asubuhi.

Dereva akazima mashine. Kijana wa umri wa Tushar, masharubu ndiyo yanaota. "Bibi, sogea tafadhali. Nitakuumiza."

Mama mkwe hakuiachia. Alikuwa anazihesabu pilipili kwa kidole. "Nani kakufungia hii?"

"Mama yangu," akasema. "Hunifungia kila Jumamosi."

Mama mkwe akalitazama fundo. Uzi ulikuwa umejisokota, akaunyoosha, akaigeuza ndimu ikae mbele vizuri. Kisha akaniita.

"Vatsala, njoo tusimame kando. Mtoto wa watu asije akapata doa kazini."

Tukasogea.